Laini ya Mtoto Imepita kwenye Kidole cha Mzazi: Barua ya Wazi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu, mawasiliano, tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI) na maendeleo ya watoto; kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA); na kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Ninaandika kutoka Kihonda, Morogoro, ambako nina kibanda cha wakala. Nasajili laini, naweka na kutoa pesa, nauza vifurushi. Ni mama wa watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo yuko chekechea. Sijasomea sheria wala kompyuta. Ninachokijua nimekipata nikiwa nyuma ya kaunta, nikiangalia nani anamtumia nani pesa.

Mwaka jana, Alhamisi moja jioni, alikuja binti wa kidato cha pili akiwa bado na sare ya shule. Akaniamkia, nikamwitikia. Akaweka noti mbili za elfu kumi juu ya kaunta pamoja na karatasi yenye namba ya simu, akaomba nimwekee mwenye namba ile. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku tisa, namba ileile. Mara ya kwanza alileta elfu tano, ya pili elfu kumi. Nilishtushwa na jinsi kiasi kilivyokuwa kinapanda. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu ni nani yako?" Akasema ni mwalimu wa tuisheni, akamtaja jina la kiume. Jina lililotokea kwenye simu yangu lilikuwa la mwanamke.

Nikashusha dirisha la kibanda nusu, nikampa kigoda. Hakulia. Alikaa akizitazama zile noti kama zitamjibia. Baadaye akasema: kuna mtu alimfahamu kwenye mtandao, aliyejiita msichana wa rika lake anayesoma Dar es Salaam. Walichati wiki kadhaa, mambo ya shule, nguo, wasanii. Wakatumiana picha. Kisha picha zikaanza kuombwa za namna nyingine, na siku alipotuma moja tu, yule "msichana" akageuka. Akamtumia orodha ya majina ya wanafunzi wenzake na kumwambia, usipotuma pesa kabla ya saa mbili usiku, darasa zima litaiona. Zile elfu ishirini zilikuwa pesa ya mchezo, yaani upatu, ya mama yake. Alikuwa amezichukua chini ya godoro.

Nikamuuliza, "Mama anajua?"

"Akijua ataniua."

Nimebadilisha mambo madogomadogo katika habari hii ili binti asitambulike, na mama yake ameniruhusu niisimulie. Ila maneno yale mawili sikuyabadilisha. Huyo mtu alimpata binti kwa simu, lakini alichomshikia ni woga wake kwa mama yake mwenyewe. Angekuwa na uhakika kwamba akirudi nyumbani na kusema "mama, nimekosea, kuna mtu ananitisha" atasikilizwa, ile elfu tano ya kwanza isingetoka.

Sidhani mama yule ni mkali kuliko mimi. Ninamjua, anauza mboga, ni mtu wa watu. Nilipomsindikiza binti nyumbani jioni ile na kueleza, aliinua mkono, ukabaki juu, kisha akauteremsha na kukaa kwenye ndoo aliyokuwa anafulia. Akaniuliza, "Dada, mimi ningefanya nini? Simu nilimnunulia kwa ajili ya masomo. Hakuna mtu aliyeniambia kitu."

Hakuna mtu aliyemwambia kitu. Hilo ndilo nimekuja kuwasemea, Waheshimiwa.

Kila mwaka tunasikia kwenye redio na majukwaani kwamba wazazi tuwalinde watoto wetu na maovu ya mitandaoni. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, linasemwa. Kwenye mahafali linasemwa. Mgeni rasmi husimama na kusema malezi yameporomoka, wazazi tumekuwa bize. Naomba niseme kwa heshima kwamba mzazi hawezi kulinda asichokijua. Mama yangu alinifundisha kuwasha moto wa kuni kwa sababu aliujua. Alinikataza mtoni wakati wa masika kwa sababu alimwona mtu akichukuliwa na maji. Simu hakuikuta kwa bibi, na mimi sikuikuta kwake. Sisi ndio kizazi cha kwanza kulea watoto wenye intaneti mfukoni, na tunafundishwa kwa kulaumiwa.

Tatizo lenyewe si dogo. Mwaka 2022 UNICEF Innocenti, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na polisi wa kimataifa INTERPOL walitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyoonyesha kwamba katika mwaka mmoja, asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na ukatili mkubwa wa kingono unaohusisha mtandao. Kwa hesabu ya nchi nzima, ni watoto wapatao 200,000. Ripoti hiyo ilikwenda kwenye maofisi yenu kabla haijanifikia mimi, kwa hiyo sitawahesabia zaidi. Nitasema tu kwamba asilimia 4 ni ndogo kwenye karatasi. Kwenye shule ya kata yenye wanafunzi mia tano wanaoingia mtandaoni, ni watoto ishirini, na wengi wao hawajamwambia mtu.

Sasa naomba tufikiri pamoja kuhusu kidole.

Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zile ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kitambulisho cha NIDA anapewa aliyetimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba laini iliyo mkononi mwa mtoto wa Kitanzania imepita kwenye kidole cha mtu mzima: baba, mama, shangazi, kaka aliyemaliza chuo. Mtu mzima huyo alisimama mbele ya wakala kama mimi, akabonyeza kidole, akasubiri. Sijui mlango mwingine ambao mfumo wenu unakutana na mzazi uso kwa uso, wakati uleule simu inapoingia kwa mtoto.

Na tunamwambia nini mlangoni pale? Mimi nitawaambia, maana ndiye ninayekaa pale. Namuuliza namba ya NIDA. Naomba kidole. Wakati mwingine kinagoma kwa sababu mtu ametoka shamba au amefua, tunajaribu kingine. Kisha nasema tayari, karibu tena. Hakuna fomu wala semina iliyowahi kunitaka niulize laini hii anakwenda kuitumia nani. Disemba, matokeo ya darasa la saba yakiwa yametoka na kidato cha nne wakiwa wamemaliza mitihani, wazazi hupanga foleni kibandani kwangu na watoto wao pembeni, simu mpya bado ina nailoni. Nimewasajilia, nimewauzia na bando. Nikawaacha waondoke bila neno moja, na nilikuwa na dakika tano nzima za kusubiri mtandao ambazo ningeweza kuzitumia.

Ombi langu kwa Waziri wa mawasiliano na kwa TCRA linaanzia hapo. Wekeni swali moja kwenye usajili: je, laini hii itatumiwa na mtoto? Jibu likiwa ndiyo, mzazi apewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, na wakala awe amefundishwa kumsomea asiyejua kusoma. Mlipotaka tujue namba 15040 ya kutuma ujumbe wa matapeli, mlitufundisha hadi tukaijua, na leo hata bibi kizee akipokea "ile pesa tuma kwenye namba hii" anajua pa kuipeleka. Nguvu ileile itumike hapa.

Karatasi hiyo iandikwe nini? Tangu siku ile ya Alhamisi nimekuwa nikiwaambia wateja wangu mambo machache, na nimeona wanavyoshangaa, kwa hiyo naamini ni mahali pazuri pa kuanzia.

La kwanza linahusu tarehe ya kuzaliwa, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mzazi akinunua simu dukani, kijana wa dukani humfungulia akaunti ya Google ili simu ifanye kazi. Anataka kumaliza haraka ahudumie mwingine, kwa hiyo anajaza tarehe yoyote ya kuzaliwa, aghalabu mwaka 1990 au 1995. Mtoto wa miaka 13 anatoka dukani akiwa na simu inayomjua kama mtu wa miaka thelathini na kitu. Kuanzia hapo huduma za Google kama YouTube zitamchukulia kama mtu mzima, na programu nyingine zinazouliza tarehe ya kuzaliwa zikijaziwa ileile ya uongo zitafanya hivyohivyo. TikTok kwa kawaida humfungia mtoto wa miaka 13 hadi 15 akaunti yake iwe ya faragha, na aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kupokea ujumbe wa siri. Instagram nayo tangu 2024 imeanza kuwawekea walio chini ya miaka 18 akaunti zenye ulinzi. YouTube huzuia video za watu wazima. Kinga zote hizo ni bure, zimo ndani ya simu, na zinazimika kwa tarehe ya uongo, ambayo mara nyingi huanzia dukani kabla mtoto hajaigusa simu. Nilipomweleza haya baba mmoja fundi seremala, alirudi dukani siku hiyohiyo na simu ya mwanawe.

Kwa hiyo namwambia mzazi: fungua akaunti ya mtoto kwa umri wake wa kweli, na kama ni mdogo, iunganishe na simu yako kwa Family Link ya Google, utaona anapakua nini na utaweza kuifunga simu usiku. Wauza simu nao wanaweza kuagizwa wasijaze tarehe za kubuni. Wana leseni za biashara, wanafikika.

La pili ni WhatsApp. Ukienda kwenye mipangilio, upande wa faragha, utaona pa kuchagua nani anaweza kumwingiza mtoto kwenye grupu. Usipogusa, yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza kwenye grupu la watu mia mbili asiowajua. Ni kugusa mara nne tu. Nimewafanyia watu hili wakiwa wamesimama hapo nje na mzigo kichwani.

La tatu huwa nalisema kwa sauti ya chini, kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe. Mtoto mdogo hana simu, anatumia ya mama au ya baba. Na simu ya baba imo kwenye magrupu ya kijiweni ambako hurushwa zile video tunazoziita koneksheni. Simu imeachwa ijipakulie kila kitu, video inatua moja kwa moja kwenye picha za simu, kati ya picha ya harusi ya shangazi na katuni. Mtoto wa chekechea anayetafuta katuni anaikuta. Nimewahi kumwona wa kwangu akiniletea simu na kuuliza, "Mama, hawa wanapigana?" Nilitoka kwenye grupu lile dakika ileile. Nawaambia wazazi wazime kule kujipakulia kwa picha na video, na watoke kwenye magrupu yasiyofaa, hata kama msimamizi ni shemeji.

Na picha zetu tunazozirusha. Mtoto amevaa sare, nembo ya shule inaonekana, jina kamili limeandikwa chini, tumetaja na mtaa. Tunafanya kwa mapenzi, tunajivunia wanetu. Lakini aliyemtisha binti yule, majina ya wanafunzi wenzake aliyapata wapi? Kwenye picha za siku ya michezo zilizorushwa na watu wazima.

Kuna jingine ambalo wazazi wengi wakilisikia hunyamaza. Ikitokea video ya mtoto anadhalilishwa, huwa inazunguka kwenye magrupu ya wazazi na ya makanisa na misikiti ikiwa na maneno "tusaidiane kumtambua mtoto huyu". Tunaisambaza kwa uchungu, tukidhani tunasaidia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inasema kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hata bila sheria, mtoto yule anadhalilishwa upya kila inapofunguliwa. Ukiipata, ipeleke polisi, usiipeleke kwa mtu mwingine yeyote. Hili lingesemwa misikitini siku ya Ijumaa na makanisani Jumapili, lingeenea nchi nzima kwa mwezi mmoja.

Wapo wanaosema dawa ni kuzuia kabisa. Wanataja Australia, ambayo kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Na sisi tuna shule zetu ambazo simu hairuhusiwi, na mwanafunzi akikutwa nayo inavunjwa mstarini. Sipingi simu kukatazwa darasani. Lakini mtoto anayekaa bweni bila simu miezi minne anarudi likizo ya Juni akiwa na njaa nayo, anaazima ya kaka usiku kucha, na hana mtu aliyemwelekeza hata kidogo. Binti niliyemsimulia si mtundu wala mtoro. Ni wa kutwa, anayeshika nafasi za juu. Kumnyima kwetu maarifa hakukumkinga.

Narudi kwenye ile hofu ya "ataniua", maana naiona ni nzito kuliko mipangilio yote ya simu.

Asubuhi ya siku iliyofuata tulikwenda polisi, mimi, binti na mama yake. Kituo sikitaji. Kaunta kulikuwa na watu kama kumi na mbili, wengine wamekuja kwa wizi wa kuku, wengine kwa ugomvi wa mpaka. Askari wa kaunta akauliza shida nini, mama akajaribu kusema kwa sauti ya chini, askari akasema, "Hebu nione hiyo picha yenyewe." Pale pale, mbele ya watu. Binti alinishika kanga kwa nguvu hadi ikanivuka begani. Nilidhani atakimbia. Akatokea askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto, akatuchukua, akatuingiza kwenye chumba kidogo chenye kiti kimoja na mafaili hadi dirishani, akafunga mlango. Hakuomba kuiona picha. Aliomba namba ya simu ya yule mtu, miamala na maneno ya vitisho. Namshukuru hadi leo, na naamini wapo wengi kama yeye. Lakini alikuwa mmoja, chumba kilikuwa cha kuazima, na kama angekuwa likizo siku ile, sisi tungeishia kaunta.

Mheshimiwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, dawati hili ni jambo jema ambalo mmelianzisha. Naomba lipewe mlango wake, mlango ambao mtoto ataufikia bila kupita kaunta. Na naomba kila askari wa kaunta apewe agizo la mstari mmoja: kesi ya mtoto na picha haijadiliwi hapa.

Kuna jambo moja ambalo mimi wakala nalijua na wazazi wengi hawalijui. Mtu anayemtisha mtoto ili atumiwe pesa kwa simu anaacha alama. Muamala una namba ya kumbukumbu, saa, kiasi, namba ya mpokeaji na mahali alipotolea. Laini ya mpokeaji nayo ilisajiliwa kwa kidole cha mtu. Wazazi kwa aibu hufuta kila kitu, huvunja simu, huitupa laini chooni, na ushahidi wote unakwenda nayo. Namwambia kila mzazi: usifute, piga skrinshoti za vitisho na za namba, tunza ujumbe wa muamala, acha kutuma pesa hata shilingi mia, kisha mzuie. Ukilipa mara moja, ataongeza. Na wewe mwenyewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda ipo ambayo huijui.

Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha watoto cha Marekani, NCMEC. Mtu aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 huiombea picha yake alama ya siri, picha yenyewe haitoki kwenye simu, na mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok huitumia alama ile kuizuia. Haifiki ndani ya magrupu ya WhatsApp, lakini inapunguza. Binti aliitumia tukiwa naye. Nilimwona anavuta pumzi kwa mara ya kwanza siku ile.

Shuleni ilikuwa kazi nyingine. Yule mtu alitekeleza kitisho chake. Picha ikawafikia wanafunzi kama sita. Wiki hiyohiyo mama akaitwa. Mwalimu wa nidhamu akasema binti ameichafua shule na kwamba kikao kitaamua kama asimamishwe. Waliokuwa wanaionyesha picha kwenye simu zao hawakuitwa. Nilikuwepo, nilikwenda kama shangazi. Nikauliza, "Mwalimu, mtoto akiibiwa begi njiani, anasimamishwa yeye?" Walimu wakatazamana. Mwishowe mkuu wa shule, mama mtu mzima, akasema binti arudi darasani, na waliosambaza waitwe na wazazi wao. Lakini iliamuliwa na moyo wa mtu mmoja. Shule ya jirani ingeweza kuamua vingine, na hakuna karatasi ambayo mama mboga angeweza kuinyoosha na kusema, hapana, Serikali imekataza.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, mnamo Novemba 2021 wizara yako ilifungua mlango kwa wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Watu walibishana sana, lakini leo mzazi akikataliwa ana pa kusimamia. Naomba waraka wa namna hiyo kwa mtoto ambaye picha yake imesambazwa au anayetishiwa: asifukuzwe, asisimamishwe, asichapwe mstarini, asisemwe kwenye kikao cha wazazi. Siku watoto watakapojua kwamba waraka huo upo, wengi watasema mapema.

Na kwako Waziri wa TAMISEMI, shule zina vikao vya wazazi kila muhula. Nimehudhuria vya kutosha. Saa moja ni michango ya chakula, saa nyingine ni madawati na mlinzi. Naomba dakika ishirini tu, mara moja kwa muhula, za kumfundisha mzazi simu ya mtoto wake akiwa ameishika yake mkononi. Walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kwa hiyo hawawezi kuwa wageni kabisa wa mambo haya. Na pale mwalimu anapoona aibu kutamka maneno, mwiteni muuguzi, au askari wa dawati, au mwite wakala. Tutakuja.

Waziri mwenye dhamana ya watoto, namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Nimeuliza wateja wangu kwa siku kumi, wazazi na watoto, nikiwaandikia mmojammoja kwenye daftari la miamala. Kati ya watu 74 niliowauliza, walioijua walikuwa 9. Huo si utafiti, ni daftari la kibanda kimoja Kihonda. Lakini namba ya kuangalia salio waliijua wote. Inawezekana kabisa kampuni za simu zikaagizwa kuituma 116 kwa ujumbe mfupi kila mwezi, kama zinavyotutumia ofa za bando alfajiri.

Sijaweza kuyasema yote. Nimeacha wavulana wanaobeti kwa namba ya siri ya mama, ambao nao nawaona kila Jumamosi kabla ya mechi. Nimeacha vijana wanaolipwa kwenye magemu. Nitayaandika siku nyingine.

Binti yupo kidato cha tatu sasa. Simu yake imerudi kwake baada ya miezi miwili. Mama yake aliirudisha mwenyewe, wakaifungua upya pamoja kibandani kwangu, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kesi bado iko polisi. Ile elfu ishirini ya mwisho sikuituma, na mchezo wa mama uliiva kama kawaida.

Mkiandaa karatasi hiyo, naomba mniletee boksi moja. Januari foleni ya wanaokwenda kidato cha kwanza huanza asubuhi, na nitakuwepo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu, wakala,
Kihonda, Morogoro